Punda Wetu Ndani ya Mabati

Jumatano. Jua la Kitengela leo halikuwa la mchezo. Hata mbwa wa jirani walijibanza chini ya lori tangu asubuhi.



Tangu punda wa mtu wa Kisaju aibiwe, akapatikana porini amechunwa ngozi, Baba Shiru, mume wangu, hamwamini mtu. Kila mchana akirudi kula, kabla hajanawa mikono, anamfungia Kanini kwenye kibanda cha mabati na kupiga kufuli. Kanini ndiye punda anayevuta mkokoteni wetu wa maji. Ndiye karo, ndiye unga. Hiyo kufuli nilinunua mimi.

Leo baada ya kula usingizi ulimpitia Baba Shiru. Nikaona nimpelekee Kanini majani ya mahindi.

Nilipofungua mlango, joto lilinipiga usoni nikarudi nyuma. Alikuwa amesimama miguu imetawanyika, mbavu zikienda mbio, pua wazi. Nilipomvuta akayumba. Mle ndani hakuna hata dirisha. Lililokuwapo tuliliziba sababu ya wezi.

Nikamwamsha Baba Shiru, tukamkokota Kanini hadi chini ya mgunga. Baba Shiru akashika mtungi wa maji, halafu akasita. Sote tumekua tukiambiwa punda aliyepata joto akimwagiwa maji baridi anakufa. Mama Nashipae, jirani yetu ambaye amefuga punda tangu aolewe, akaja mbio kusaidia.

"Mwagia yeye mwili yote, usiache," akasema. "Hiyo joto ndio itamuua, si maji."

Tukammwagia mitungi yote ya maji iliyoagizwa na mama wa hoteli, mteja wetu. Mama huyo akanipigia simu, akapiga tena. Sikushika.

Nililia, na sioni haya kuandika hivyo.

Jua liliposhuka Kanini alikunywa kidogo, akapumzika, akanywa tena. Sasa anapumua vizuri, ila hajagusa nyasi, na hatujui kama ameumia ndani.

Baba Shiru anasema tukimwacha nje ataibiwa. Hajakosea, na hilo ndilo linaloniumiza kichwa. Lakini kesho Kanini havuti kitu. Na akirudi kazini, mchana atapumzika chini ya mti, nami nitakaa hapo nikichambua mboga, kamba yake nimeifunga kiunoni.

Anayemtaka atuchukue wote wawili.