Wanaozikwa Bila Maji

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Najua huwezi kuniitikia, ila mdomo umezoea.

Unakumbuka ua wetu wa Mtaa wa Sikukuu, ulivyokuwa ukikata sanda mkekani nami nimekushikia upindo? Mwanamume akifa Kariakoo, watu walikuwa wakibisha hodi kwetu kwanza, maana muosha ulikuwa wewe. Ulinifundisha kupima maji kwa kiwiko, kama ya mtoto mchanga. "Maiti hawezi kusema yamemchoma," uliniambia. Nilipopata udaktari ukawatania majirani: "Akishindwa yeye, njooni kwangu." Nilicheka mpaka machozi.

Siku hizi sicheki, Baba. Kipindupindu kimeingia mjini. Daktari wa kambi ya wagonjwa ni mimi, na amri naisimamia mimi: anayefia humu haoshwi. Anapuliziwa dawa, anafungwa kwenye nailoni, mgambo wanakwenda kumzika. Shehe ametangaza kwamba tayamamu ya vumbi juu ya nailoni inatosha. Watu wamemsikia, lakini wanataka maji.

Jana Mama Zuhura, yule muuza mchicha wa sokoni, alimfuata marehemu mwanawe na ndoo mkononi.

"Ndugu daktari, nimuoshe uso tu."

"Haiwezekani, mama."

Akanikazia macho. "We si binti wa Mzee Salumu? Baba'ako kamuosha mume wangu, hakutaka hata ahsante. Leo we unanizuilia mwanangu?"

Nikamwita mgambo amtoe. Alikaa nje ya lango na ndoo yake mpaka walipomaliza kuzika.

Najua amri ni ya haki. Waliomuosha marehemu wa kwanza mtaani kwetu tumewapokea wote hapa, na wengi hawakutoka. Najua, na bado najichukia. Nikimaliza kuswali naona haya hata kukuombea dua.

Na leo asubuhi, Baba, wamemleta Mama. Macho yameingia ndani, ngozi ukiifinya hairudi. Dripu zimetuishia, na maji ya chumvi na sukari anayatapika yote. Nilipomshika mkono akaniuliza kwa sauti ndogo, "Utaniosha mwenyewe, eti?"

Nikamjibu, "Nitakuosha, Mama."

Akalala, ametulia kabisa. Mimi nimekuja huku stoo kukuandikia, maana sina mwingine wa kumwambia.

Akifika huko, mpokee vizuri. Mweleze wewe, Baba, kwa nini amekuja bila maji. Mimi nimeshindwa.

Binti yako