Bi Zaituni Alipoulizwa Kama Ananijua

Mama Rehema, mke wangu, hamjambo huko Lindi? Ulinicheka, mzee wa miaka hamsini kuvuka Ruvuma kwenda kusoma Kireno. Basi juzi, siku yangu ya pili hapa Mocímboa, nusura nirudishwe kabla ya somo la pili.

Nilikaa karibu na bandari nikiandika daftarini jina la kila nilichokiona, zoezi la mwalimu. Wauza samaki wakanyamaza mmoja mmoja. Nikadhani wanamheshimu msomi! Kumbe wameshamwita askari.

"Unaandika nini? Nani anakujua hapa?"

Nikamtaja Bi Zaituni, mwenye nyumba niliyopanga. Akaitwa, akaja na unga mikononi. Hapa mgeni hupelekwa kwa shefe wa bairo, mkuu wa mtaa, kabla hajalala. Vita vimewafundisha watu kuogopa sura ngeni. Mimi sikupelekwa. Bi Zaituni akisema ananijua, kosa la kutonipeleka ni lake. Alinitazama juu hadi chini.

"Ni mgeni wangu," akasema. "Alifika kachoka, nikamwonea huruma, nikamwacha alale. Na mtazameni, baba wa watu, na kitambi hiki atakimbilia wapi?"

Askari akacheka, akatupeleka kwa shefe. Shefe akaandika jina langu chini ya la Bi Zaituni: nikikosea, ataulizwa yeye.

Sasa namuaga hata nikienda dukani. Wewe miaka yote unaniuliza naenda wapi, sikujibu. Haya, cheka tena. Ila ukiswali, mtaje Bi Zaituni kwanza, mimi baadaye.

Mumeo mwenye kitambi,
Baba Rehema