Siku Mtani Wako Alipoogopa Kweli

Mtani wangu Athumani,

Huko uliko najua unacheka. Cheka tu, Mngoni wewe, mauti hayaondoi utani. Lakini nina jambo la kukueleza.

Ilipopita arobaini yako, Zuhura alikuja kwangu Rasbura kavaa lile begi lako la mgongoni, ulilokuwa ukilikung'uta vumbi kila kiangazi ukisema, "Mwaka huu, Mmwera, tunakwenda kuuzunguka mlima wa moto." Miaka ikaenda, nawe ukaenda kwingine. Binti yako akasema, "Mtani, baba hakwenda. Mimi nakwenda. Unanisindikiza, au unabaki kulea kuku?"

Ulimlea vibaya.

Basi nikaenda, mimi ambaye kile kilima cha nyuma ya kwenu tu kinanitoa ulimi. Oldonyo Lengai umesimama peke yake karibu na Ziwa Natron, kilele cheupe kama kimemwagiwa chokaa, na moshi mwembamba unatoka juu kama jikoni kwa mtu asiyetaka wageni. Siku ya kwanza tulitembea vizuri, tukapiga hema. Kesho yake asubuhi ardhi ikatikisika. Si sana, kama lori zito likipita karibu na nyumba. Ila huko hakuna lori.

Nikapiga kelele, "Nakufa!"

Zuhura akacheka mpaka akakaa chini. "Wamwera bwana! Mlima umepiga mwayo tu, mzee mzima anaaga dunia!"

Nitamlaumu vipi? Msibani kwako aliniona nikizirai mlangoni, kisha nikafumbua jicho moja kuuliza pilau iko wapi. Alisikia nilivyoshuka kaburini mwako nikagoma kutoka, nikidai ni refu mno kwa Mngoni mfupi. Mtu wa namna hiyo akisema anakufa, nani atamwamini?

Tukafika kwenye korongo, kuta za majivu makavu kila upande. Kiongozi wetu, Mmaasai wa rika langu, akasimama kusikiliza. Akasema mlima ukitikisika tena tukiwa humo ndani, kuta zinaweza kutufunika. Yeye haingii. Zuhura akakaza mikanda ya begi. "Baba alitaka kuuzunguka, hakutaka nusu." Akaanza kushuka.

Nikamwambia naogopa. Akacheka. Nikamwambia miguu hainibebi. "Tambaa, Wamwera mmezoea!" Vijiwe vikaanza kuporomoka pembeni yake, na yeye anacheka tu, anashuka. Mtani, hofu ile sijapata kuiona. Kila neno lililonitoka lilikuwa limeshachakaa kwa mzaha. Sikuwa na hata moja la kumzuia mtoto wako.

Nikamwita, "Zuhura, mwanangu."

Wewe shahidi yangu, sijawahi kumwita hivyo. Tangu anatambaa namwita mwizi wa mihogo, mateka wangu, Mngoni mkia. Akasimama. Akageuka, kicheko kimemkauka.

"Mtani, acha hivyo. Unanitisha."

"Hata mimi nimetishika, mwanangu. Panda."

Akapanda. Nilimshika mkono nikashindwa kuuachia, mpaka akaniambia namuumiza.

Ningependa kukuambia kuta zilianguka nyuma yake. Hazikuanguka. Tulikaa kivulini tukilitazama korongo mpaka jua likageuka, halikudondosha hata konzi ya majivu. Labda tungevuka. Sijui, na sitajua. Zuhura alilia njia nzima ya kurudi, akilikumbatia begi lako kifuani kama mtoto.

Sasa akinikuta njiani ananiambia shikamoo, najibu marahaba, basi. Ananiuliza hali ya afya yangu! Ananiheshimu, Athumani. Heshima hii inaniogopesha kuliko ule moshi, maana wewe umeondoka, na yeye ndiye Mngoni pekee niliyebaki naye wa kunitukana.

Lala, ndugu yangu. Nakuahidi, mlima ukitulia na wenyeji wakisema njia ni salama, nitamrudisha akamalizie upande uliobaki, na hema nitabeba mimi. Nitaogopa kila hatua, na safari hii nitaogopa kwa sauti ya kawaida ili anielewe. Kabla ya hapo nitakwenda kugonga mlango wenu nidai chakula kwa matusi kama zamani, nisimame pale pale mpaka anitukane.

Mtani wako,
Selemani