Nimeweka Nadhiri ya Baiskeli, Mke Wangu Anadhani Nina Mwingine

Mpendwa Bu Wening,

Pokea salamu za msomaji wa safu yako ya kila Jumapili, naandika barua hii nikiwa nimesimama mbele ya meza ya kukatia vitambaa kwa sababu kukaa siwezi, na ukicheka sitakulaumu, hata mimi ningecheka kama haya matako yangekuwa ya mtu mwingine.

Mimi ni fundi cherehani hapa Klaten, nina miaka hamsini na mmoja, na mke wangu, tumwite Mama Ratri kwa jina la binti yetu aliyekwisha kuolewa, ni fundi pia, mimi nashona suruali na mashati, yeye anashona kebaya, zile blauzi za kike za sherehe, na ndiye anayemalizia kazi zote, na cherehani zetu mbili zimetazamana miaka ishirini na saba. Mwaka jana tumbo lilimshika, kumbe kidole tumbo kimepasukia ndani, akafanyiwa upasuaji, siku ya tatu akawa hajitambui, daktari akaniita kwenye korido akaniambia, Bwana, tumefanya tuwezalo, jiandae. Nikatoka nje nikasimama chini ya dirisha la wodi yake, pale pale nilipokuwa nimeegesha baiskeli, na nadhani kwa kuwa nilikuwa nimeshika usukani ndiyo maana baiskeli ikanijia mdomoni, wenzangu huweka nadhiri ya mbuzi au ya kufunga, mimi nikasema, Ee Mungu, huyu akipona nitapanda baiskeli hii kutoka mlangoni kwangu mpaka Pacitan kwa mama yake, nimshike mkono yule bibi nimshukuru kwa kunizalia mke.

Akapona. Bu Wening, alipona! Ijumaa akafumbua macho akaomba uji, akaonja, akalalamika kwamba hauna chumvi, nikajua huyu ni yeye mwenyewe.

Sasa nadhiri ni nadhiri, lakini Pacitan ni zaidi ya kilomita mia na ishirini, na ukishapita Giriwoyo ni milima mitupu, na mimi baiskeli hii huwa naendea sokoni kununua uzi na vifungo basi. Nilidhani mtu aliyekalia kigoda cha cherehani maisha yake yote matako yamekomaa, kumbe wapi! Huu mwezi wa pili natoka kila siku baada ya sala ya alfajiri, sipumziki hata siku moja, kiti nimekishusha miguu ifike chini nisije nikaanguka, koti nimelifunga mpaka shingoni upepo usiniingie mwilini nikaugua, maji sinywi ili nisisimame simame njiani, nikimaliza kilomita thelathini magoti yanawaka moto, viganja vimekufa ganzi hata uzi kwenye sindano siwezi kuutia, na mapaja yamechubuka. Nikajishonea kaptula kwa siri, nikaweka sponji tabaka nne pale chini, ikawa balaa zaidi. Juzi nikachukua ile balsamu ya moto tunayochulia mgongo, nikapaka palipochubuka, Bu Wening, nilikimbia mpaka kisimani na nguo zangu zote.

Mama Ratri alikuwa uani anaanika nguo na hakucheka, na hilo ndilo lililonitisha, maana yeye huwa hanihurumii kwa kicheko. Akaniuliza, "Baba Ratri, unakwenda wapi kila asubuhi?"

"Mazoezi tu. Napunguza unene."

"Unene gani, na suruali zako nimezibana kiuno mara mbili tangu mwezi uliopita?"

Nikajifanya nakamua shati langu lililolowa. Akaingia ndani, akakaa kwenye cherehani yake, akashona mkono mzima wa kebaya, halafu bila kuniangalia akasema, "Kama kuna mtu, niambie mwenyewe. Nisije nikasikia sokoni."

Bu, nilitamani ardhi inimeze, mimi mtu wa kuwa na mwingine? Lakini nikimwambia habari ya nadhiri itanibidi nimwambie na habari ya daktari, na ile siri nimeificha mwaka mzima, nilimwambia ilikuwa shida ndogo tu, hata Ratri nilimkataza asiseme, kwa sababu mimi tangu siku ile akikohoa tu moyo wangu unasimama na sitaki na yeye aishi hivyo. Na jambo jingine naona aibu kulisema, siku hizi nafikiria kuacha, mwili umekataa, halafu naogopa, nikiacha na yeye akaugua tena je? Na je, nikitafuta njia rahisi, nadhiri itahesabika kweli, au ni lazima niumie? Niambie la kufanya, nitalifuata.

Wako,
Fundi Asiyekaa, Klaten


BU WENING ANAJIBU

Mas Fundi, kaka yangu, nimekucheka, si uliniruhusu mwenyewe? Nimecheka mpaka ulipokimbilia kisimani, lakini pale pa uji usio na chumvi ilinibidi nivue miwani nifute macho. Mungu amzidishie afya Mama Ratri. Sasa ngoja tugombane.

Nani alikuambia Mungu anahesabu malengelenge? Uliahidi kufika kwa baiskeli, umshukuru mama wa watu. Hukuahidi kufika ukiwa umechubuka, wala hukuahidi kutoshuka njiani. Soma tena maneno yako mwenyewe. Ukifika kwenye mlima ukaona pumzi inakwisha, shuka, sukuma, pumua, panda tena. Mama mkwe anataka kumwona mkwewe mzima akimshika mkono, hana haja ya mgonjwa wa kuuguza.

Hicho kiti kipandishe leo hii. Umekishusha kama cha mtoto anayejifunza, halafu unashangaa magoti! Egemea ukuta, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa: mguu unatakiwa unyooke. Ukianza safari unakanyagia sehemu ya mbele ya unyayo, na goti linabaki limekunjika kidogo tu. Ukitaka kusimama, teremka kwenye kiti kwanza, ndipo uweke mguu chini. Utayumba siku mbili, utazoea. Na usiulalie usukani kana kwamba utatoroka. Legeza viwiko, badilisha mahali pa kushika kila baada ya muda, na hiyo ganzi itakuachia sindano zako.

Koti vua. Ndiyo, nimesikia, upepo utakuingia, hata mama yangu mzazi angenigombeza kwa hili, lakini mtu anayekanyaga pedali kwenye jua letu amefungwa zipu mpaka shingoni anajipika mwenyewe. Shati jepesi linatosha. Kunywa maji kidogo kidogo kabla kiu haijakushika, na kila saa kula kitu, ndizi, au kipande cha sukari ya mnazi. Kusimama kukojoa si dhambi.

Na nani alikufundisha kufanya mazoezi siku saba? Mwili unapata nguvu ukiwa umepumzika. Kwanza kaa wiki nzima bila kupanda mpaka ngozi ipone, osha kwa maji na sabuni, kausha, na hiyo balsamu irudi mgongoni ilikozoea. Kidonda kikitoa usaha nenda zahanati, usione haya. Ukirudi barabarani, panda siku tatu kwa wiki, mbili fupi za kujinyoosha na moja ndefu, na hiyo ndefu iongeze kilomita tano tu kila wiki, kwa mwendo unaoweza kuongea na mtu bila kuhema. Ukifikisha sitini bila kulia, uko tayari. Safari yenyewe igawe. Lala Wonogiri, lala tena Giriwoyo, ile milima uikute asubuhi ukiwa umeshiba.

Sasa kaptula. Hapa ndipo hasira zilinipanda kweli. Fundi mzima, miaka yote hiyo, unatia sponji tabaka nne! Sponji laini linazama, linajikunja, linakusugua kila pedali inapozunguka. Na nina hakika kabisa kwamba umeshona kama suruali ya kawaida, mishono yote minne ikakutana pale pale unapokalia, na chini yake umevaa chupi yenye mishono yake. Tabaka moja tu, jembamba na gumu kidogo, kitambaa kinachovutika, kipande kimoja kisicho na mshono katikati, kikubane vizuri kwenye paja, na ndani yake usivae kitu. Lakini kaptula ya namna hiyo mtu hawezi kujipimia mwenyewe. Anahitaji mtu wa kumpima, na mkono mwepesi wa kumalizia. Unamjua huyo mtu, amekaa mbele yako tangu ujana wako.

Kwa hiyo mwombe, na akiuliza kaptula ya nini, mwambie yote, pamoja na habari ya daktari. Usimwache mwanamke mwema akae kwenye cherehani yake akimwaza hawara ambaye hayupo. Huo ni ukatili, Mas, hata kama umeufanya kwa mapenzi, na kila asubuhi unayotoka kimya kimya unauongeza.

Unasema hutaki ajue kwamba alikaribia kufa. Kaka yangu, yeye ndiye aliyekuwa kitandani. Kovu liko tumboni kwake, analiona kila akioga, na unadhani kweli amemaliza mwaka mzima akiamini ilikuwa shida ndogo? Anajua. Amenyamaza ili wewe usiogope, nawe umenyamaza ili yeye asiogope, na mmekaa mnatazamana hivyo kila siku tangu atoke hospitali. Asichokijua ni kimoja tu: kwamba siku ile, wakati yeye hajitambui, kulikuwa na mwanamume chini ya dirisha lake ameshika usukani wa baiskeli anamlilia Mungu amwachie mke wake.

Hilo hakuna mwingine wa kumwambia. Leo, kabla hamjaanza kazi, zima cherehani zote mbili, umwambie.