Mama Yako Amekubali Kupasuliwa

Shambani, Nordby,
Minnesota.
8 Februari 1958

Mpendwa mpwa wangu Ragna,

Hujambo huko Oregon? Watoto wazima? Sisi tunapumua, ila baridi ya mwaka huu imegandisha maziwa kabla hayajafika kwenye ndoo. Usicheke, ni kweli.

Mimi situlii. Leo nimeingia bandani kukamua ng'ombe niliokwisha kuwakamua.

Ni mama yako. Ule unene sasa unambana pumzi. Analala amekaa kitini. Nikampeleka Minneapolis, nikikatisha na lori juu ya ziwa, barafu ikilia nyuma yangu kama bunduki. Huko madaktari wameanza juzijuzi, baada ya kujaribu kwa mbwa, kuunganisha mwanzo wa utumbo mwembamba na mwisho wake, ili chakula kipite njia ya mkato, kisimjenge mtu mwili. Walinieleza mara moja tu nikaelewa. Mimi nimepasua nguruwe wengi kuliko watu waliopasuliwa na wao wote.

Daktari ni kijana wa kutoka mashariki mwa nchi. Akamuuliza, "Mama, tukufanyie?"

"Aa, msijisumbue, mwanangu. Wapo wenye shida kuliko mimi."

"Kwa hiyo hutaki?"

"Niko sawa tu."

Akafunga faili, akaondoka! Kitanda apewe mwingine! Hajui kwamba kwetu hata kahawa mtu huikataa mara mbili ndipo aipokee.

Nikamkimbilia ukumbini. "Wee daktari! Rudi ukamuulize mara ya tatu!"

"Mzee, mgonjwa amekataa."

"Hajakataa, ana adabu! Twende!"

Akarudi, akauliza. Mama yako akakunja leso, akaikunjua. "Basi, kama si usumbufu," akasema. Kisha kwa sauti ndogo: "Nataka kulala kitandani kama watu, Osmund."

Sasa sina raha, kwa sababu daktari hakutuficha: wapo waliopasuliwa hivi wasiamke. Na mimi ndiye niliyemrudisha daktari chumbani.

Nguo zako za kanisani bado zimo sandukuni kwangu, nondo hawajazigusa.

Msalimu Leif mumeo, na shangazi yake Torborg. Mungu awafunike nyote.

Wanampasua Jumatatu, tarehe ishirini na nne. Usimpigie simu kumuuliza kama uje. Panda treni.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
Mjomba Osmund