Maelezo ya Shahidi: Mnunuzi Aliyejipandishia Bei

Kituo cha Polisi cha Sokoni, Kumasi
Jina: Afia Tiwaa
Umri: Miaka 47
Kazi: Kununua na kuuza vyerehani vilivyotumika
Makazi: Asafo, nyuma ya karakana ya kuziba matairi

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kwa hiari yangu, nikiwa na akili zangu timamu ingawa moyo haujatulia.

Mnamo tarehe 14 Machi 2019, siku ya Alhamisi, saa nne hivi asubuhi, nilikuwa kibandani kwangu sokoni. Alikuja kijana nisiyemjua, amebeba cherehani ndani ya gunia. Hakusalimu. Alikitua akasema, "Mama, hiki unachukua kwa ngapi?"

Afande, sisi tuna adabu yetu. Mnunuzi huanza kwa kukashifu: chuma kimeliwa, sindano imepinda. Muuzaji hukasirika, huapa kwa bibi yake aliyekufa, hubeba mzigo wake akajifanya anaondoka, nawe humwita. Basi nami nikasema, "Hili kopo nitalifanyia nini? Nikikuhurumia sana, sidi mia moja na ishirini." Cherehani kama kile hakishuki chini ya mia nne. Nikangoja nitukanwe.

Akasema, "Sawa. Lete."

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Nilikiinamia nikakitazama vizuri. Uzi ulikuwa bado umo kwenye sindano, na chini ya sindano palikuwa na kipande cha sare ya shule, mshono umefika nusu. Hakuna fundi anayeuza cherehani chenye kazi ya mtu. Nikakigeuza, nikaona ubavuni doa la rangi ya kucha, nyekundu. Nililipaka mimi mwenyewe mwaka juzi kuficha mkwaruzo, kabla sijamuuzia Yaa Dufie, fundi wa nguo anayeishi peke yake Bantama. Tulivutana bei siku mbili nzima. Siku ya tatu aliniletea fufu na mchuzi wa njugu, na tangu hapo ni rafiki yangu. Alizoea kusema cherehani hicho watamzika nacho.

Nilitaka kupiga kelele, sikuweza. Kijana alikuwa amesimama mlangoni, na mkono wake wa kulia ulikuwa na michubuko mibichi ya kucha. Tena nikajiambia, akikimbia huyu, nani atatuambia Dufie yuko wapi? Ilikuwa lazima abaki, na mimi sijui njia nyingine ya kumkalisha mtu isipokuwa kupatana bei. Lakini bei alishaikubali. Basi nikaanza kupanda.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Nimekukandamiza. Chukua mia moja na themanini."

Akashangaa. "Haya, mama, lete."

"Hapana. Mama yako akinisikia nitamwambia nini? Mia mbili na kumi."

Kibanda cha pili yuko Mama Pokuaa, anauza masufuria yaliyotumika, na masikio yake hayalali. Alicheka akasema, "We Afia, jua limekupiga utosini? Unajinyonga mwenyewe?" Nilimkazia macho, nikasema kwa sauti, "Mia mbili na hamsini, na hiyo ni ya kuanzia!" Kicheko kikamkauka. Miaka yote ya ujirani wetu hajawahi kunisikia nikiongeza hata sidi moja bila ugomvi. Alivaa ndala zake akaondoka, masufuria akayaacha wazi.

Kijana akaanza kutazama huku na huku. "Mama, unanunua au unanichezea?" Akashika cherehani. Nami nikashika gurudumu lake.

"Mia tatu, mwanangu. Keti basi nitafute hela."

Alinisogelea uso kwa uso, akasema polepole, "Niachie." Sikumwachia. Si ushujaa, afande. Vidole vilikataa kufunguka. Nilikuwa nimefika mia tatu na themanini polisi walipoingia pamoja na Mama Pokuaa.

Kijana alipoulizwa Dufie yuko wapi, alinyamaza. Hata sasa ninapoeleza haya bado amenyamaza, na askari waliokwenda Bantama hawajarudi. Nimempigia Dufie simu, inaita tu. Naogopa. Naogopa kwamba nilipokuwa nikitaja bei, yeye alikuwa anakata roho.

Niliyoyaona na kuyasikia ndiyo hayo, sina la kuongeza wala la kuficha.

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika mimi, Koplo D. Amoateng, na kumsomea shahidi, naye amekubali kuwa ndivyo alivyosema. Kabla hajatia sahihi, saa saba na robo mchana, simu imeingia kutoka Bantama: Yaa Dufie amekutwa chini ya kitanda chake, amefungwa kamba, amepigwa kichwani, yuko hai, anapelekwa hospitali. Nimemjulisha shahidi. Shahidi anajua kuandika, lakini ameshindwa kushika kalamu. Nimechukua alama ya dole gumba.