Bati Ziko Njiani

Shangazi Nyangeta,

Huko uliko, mnaruhusiwa kusema mnachotaka? Ndilo swali ambalo ningekuuliza kwanza, kabla hata ya kukujulia hali. Hapa kwetu limetusumbua tangu tulipokuzika, na limetusumbua kwa sababu yako.

Nakuandikia nikiwa Bweri, kwenye kile chumba cha mbele ulichosema kina magazeti mengi kuliko viti. Unanijua. Maisha yangu yote nimebishana: redioni, kwenye makala zangu, kanisani, hata na daktari aliyekuwa ananishona kidole. Nimeandika tena na tena kwamba mtu aachwe aseme, na anayeumia ajibu. Wewe ulikuwa unanisikiliza huku unaparua samaki, halafu unauliza, "Na kama aliyesemwa hana pa kujibia?" Nilidhani unanichokoza tu.

Ngoja nikueleze yaliyotokea, maana wewe ulikuwa umelala tu katikati ya mambo yote.

Siku ya mazishi yako pale Suguti, mtani wetu Wambura alikuja kutoka Butiama na watu wa ukoo wake. Kazi yao unaijua. Tangu enzi za babu wao wanatuzika na sisi tunawazika, na anayechimba kaburi ana ruhusa ya kumsema marehemu na wafiwa vyovyote apendavyo, na hakuna wa kununa. Wambura alichimba tangu asubuhi, udongo ule wenye mawe, mpaka shati likamgandia mgongoni. Kisha akanawa, akaingia chumbani kwako, akatoka amevaa kitenge chako cha kanisani na kilemba, anatembea ule mwendo wako wa kuchechemea.

"Mimi ndiye Nyangeta!" akapaza sauti. "Wageni wakija, samaki nawaficha kwenye ndoo ya unga! Mchungaji namwambia nimefunga, kumbe sato mzima kaishia jikoni!"

Shangazi, tangu ukate roho sikuwa nimetoa chozi. Lilitoka pale, kwa ajili ya huyo sato.

Halafu akakaa kizingitini kwako, akatazama juu, kwenye lile paa lililooza kwa kutu, akasema kwa sauti yako kabisa: "Mwanangu Masatu anauza bati kule Bunda. Anaezeka mji mzima. Na mimi zangu analeta. Ziko njiani. Tangu Krismasi ile ya mvua ziko njiani."

Watu waliangua kicheko. Masatu mwenyewe alitabasamu, nilimwona, na jambo likapita. Ndivyo ilivyokuwaga siku zote: linasemwa uani, linabaki uani. Lakini shemeji mmoja alikuwa amesimama nyuma na simu. Hakuwa na nia mbaya, alitaka ndugu wa mbali nao waone. Akakata kile kipande cha bati tu, bila kaburi, bila jembe, bila tabasamu la Masatu, akakitupia kwenye grupu la ukoo. Kikatoka huko. Kikafika Musoma mjini, kikafika Manyamanyama, kikaingia dukani kwa mwanao kabla yeye hajamaliza kufungua milango.

Wateja wakaanza. "Bwana Masatu, za mama zimefika?" Watoto wa shule wakipita barabarani: "Ziko njianiii!" Watu wasiojua mtani ni nini wakaandika chini ya ile video kwamba alimwua mama yake kwa mvua. Wengine wakamgeukia Wambura: mzee gani mchawi anavaa nguo za marehemu? Niliyasoma yote, mpaka macho yakaniuma. Hakuna hata mmoja wao aliyeshika jembe siku ile.

Masatu akaenda kushtaki polisi kwamba amechafuliwa jina mtandaoni. Wambura, ambaye simu yake ni ya kitochi na hiyo video hajawahi kuiona, akaitwa kuhojiwa, akaambiwa anaweza kufungwa.

Nilikwenda Bunda nikiwa nimejaa hasira. Nilimwaga hoja zangu zote pale kaunta, kati ya misumari na makopo ya rangi: sheria za kuziba watu midomo, uoga wa wenye maduka, yote unayoyajua. Masatu alinisikiliza hadi mwisho. Akasema polepole, "Dada, wewe unatetea maneno. Mimi natafuta pa kupita. Nikienda kununua mkate nachekwa na mtu ambaye hajawahi kumwona mama. Nimjibu nani? Nianzie wapi?"

Lilikuwa swali lako, Shangazi, limetoka kwenye mdomo wa mwanao. Nikaziacha hoja zangu palepale kaunta. Mimi! Ungefurahi.

Nikamwuliza, na safari hii nilitaka kujua kweli: "Kinachokuuma ni kwamba kasema uongo, au kwamba kasema ukweli?" Akageuka, akaanza kupanga makopo yaliyokwisha kupangwa.

Kutoka hapo nilikwenda Butiama. Wambura alikuwa anamenya mihogo, hakuniangalia.

"Umekuja kunifunga pingu, mtani?"

"Ningekuja na kamba. Pingu zinamfaa mtu mwenye mikono, si mwenye makucha."

Hakucheka. Hapo nikajua mambo ni mabaya. Akasema, "Mimi nilisema mbele ya Masatu. Angeweza kunimwagia maji, angeweza kunificha jembe, ni haki yake. Hao wengine nani aliwaita msibani?" Akamenya kidogo, akaongeza: "Na kuna jambo la Nyangeta ambalo sikuligusa. Unalijua."

Nalijua. Wale mapacha wako.

"Nani alikukataza?" nikamwuliza. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa nani anamkataza kula mawe. "Baba yangu ndiye aliyewazika," akasema. Kisha akaniambia kwamba siku ya kumaliza matanga atakuja, atakula, na atanyamaza. Uzee wake si wa kwenda jela.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa najiuliza. Kumbe ule uhuru niliodhani hauna ukuta ulikuwa nao, ila ulikuwa ndani ya msemaji, na haukujengwa na afisa yeyote. Je, basi, haki ya kusema inalipiwa kwa jembe? Nikakaribia kukubali. Halafu nikamkumbuka diwani wetu, ambaye namsema kila wiki. Sijamchimbia hata shimo la choo, na sitaacha kumsema. Mwenye madaraka hahitaji kuzikwa ndipo asemwe. Kwa hiyo kanuni ya uani haitoshi kwa nchi, na sheria ya nchi ikiingia uani inavunja vyungu. Na simu iko mkononi mwa kila mtu, haijui iko uani au barabarani. Mpaka uwekwe wapi? Sijui, Shangazi. Naandika neno hilo kwa mara ya kwanza, na ajabu, haliniumi.

Siku ya matanga baba mdogo alipitisha beseni, simu zote ziingie humo. Nilikataa. Yangu niliizima mwenyewe nikaiweka mkobani, kwa sababu kuzima ni uamuzi wangu na kuchukuliwa ni uamuzi wao. Tulibishana mpaka ugali ukapoa.

Wambura alikula kimya. Ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko tusi lolote. Watu walimtazama, walitazama mlango wako, walitazama chini. Ibada ilikwisha, chakula kilikwisha, na wewe bado hukuwa umeondoka. Masatu alikaa pembeni, viatu vyake vya mjini vimejaa vumbi.

Nikasimama. "Wambura, hata kaburi ulichimba fupi! Shangazi yangu amelala amekunja magoti, anakulaani!"

Mdomo ulimcheza. Akamtazama Masatu. Sote tukamtazama Masatu. Alipangusa vumbi kiatuni, kisha akasema, "Mjibu basi, mtani."

Wambura akainuka, akakitwaa kitenge chako ndani, akajifunga, akaweka mkono kiunoni kama wewe, akachechemea hadi mbele ya mwanao. "Masatu mwanangu. Bati?"

Mwanao aliinua macho kwanza, akalitazama lile paa. Kisha: "Ziko njiani, mama."

Akalia, Shangazi. Alilia kwa sauti, mwanamume mzima, kichwa kwenye kile kitenge chako, na Wambura amemshika shingo, huku watu wanacheka na wanafuta macho. Nadhani ndipo ulipoondoka.

Masatu ameyafuta malalamiko. Afisa alikubali, ila akamwonya Wambura kwamba safari ijayo aombe kibali kwanza. Kibali cha kumtania maiti! Nimeshaanza makala, na haitakuwa ya upole.

Lala salama, mama yangu wa pili. Samaki wote niliwakuta kwenye ndoo ya unga, nikawala. Wambura akitangulia kabla yangu, nitakwenda Butiama. Nitabeba maji ya msiba tangu kisimani mpaka mabega yavimbe. Halafu nitavaa koti lake, nitasema yote ninayoyajua juu yake. Yote, isipokuwa lile moja lake, kama yeye alivyoliacha la mapacha wako.

Wako mbishi,
binti wa kaka yako.